Mteja yuko Vienna, mshauri yuko Isiolo

Huenda yuko kijana wa aina hii katika nyumba yako au katika nyumba ya jirani yako. Alimaliza chuo kikuu akiwa na shahada ya takwimu, hisabati au kompyuta. Ili asome, mifugo iliuzwa. Kwanza mbuzi, kisha ng'ombe, na mwisho pengine ngamia mmoja aliyekuwa akitoa maziwa. Sasa amerudi Isiolo, mtaani Bulapesa au Kambi ya Juu, na kutwa yu mbele ya kompyuta ya mkononi. Baba mtu anapoulizwa na wazee wenzake mwanawe anafanya kazi gani, hukohoa kwanza kabla ya kujibu.

Ukimwuliza kijana mwenyewe atakuambia, "Baba, natafuta kazi za data za mtandaoni. Nataka kuwa mshauri wa kujitegemea." Na mzee hubaki akijiuliza: mshauri ni mtu mwenye mvi; huyu amshauri nani, naye hajaajiriwa hata siku moja?

Je, kazi hiyo ipo, ama ni ndoto za vijana? Ipo. Lakini mlango wake aghalabu si ule unaogongwa na wengi, na ndiyo maana leo nataka tuutazame kwa makini.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, kwa faida ya wazazi. Mtu ana madaftari mengi ya hesabu na hajui yanasema nini. Mathalan, shirika limewahoji wafugaji elfu tatu na sasa lina majibu yao yote yakiwa yametupwa ovyo. Mshauri wa data huyasafisha majibu hayo, huyapanga, hutafuta uhusiano uliojificha ndani yake, kisha huandika jibu ambalo mwenye mali ataweza kulielewa na kulifanyia kazi. Sehemu kubwa ya siku huishia katika kufagia wala si katika hesabu za ajabu. Kazi hii haihitaji ofisi Nairobi. Inahitaji kompyuta, umeme, mtandao na kichwa kilichotulia.

Sasa ule mlango unaogongwa na wengi. Kijana akisikia habari za kazi za mbali, hukimbilia soko kubwa la mtandaoni kama Upwork, jina lililoanza kutumika mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana. Huko kazi moja ndogo huombwa na watu kutoka Manila, Lahore, Kyiv na Nairobi kwa wakati mmoja. Kila ombi hugharimu vitiketi ambavyo vikiisha hununuliwa kwa fedha. Mgeni asiye na sifa zilizoandikwa na wateja wa awali hulazimika kushusha bei, na akishusha bei hupata mteja wa bei ya chini, ambaye ndiye mwenye maneno mengi kupita wote. Sisemi soko hilo ni la ulaghai. Wapo Wakenya waliojenga nyumba kwa sababu yake. Nasema ni mlima mrefu kwa anayeanza mikono mitupu.

Na kuna wale waliotegemea vibarua vidogo vya kuweka alama kwenye picha ili mashine zijifunze. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifunga shughuli zake nchini Kenya kwa ghafla, na watu walioamka asubuhi hiyo wakitaraji kazi wakakuta mlango umefungwa. Kadhalika tangu programu za akili bandia zilipoenea mwishoni mwa mwaka 2022, kazi nyepesi za kupanga majedwali na kuchora grafu zinafanywa na mashine kwa dakika chache. Anayeuza wepesi wa vidole pekee yumo hatarini.

Basi jiulize, ewe mhitimu: ni kitu gani unachokijua ambacho mtu wa Warsaw au Bangalore hakijui? Jibu liko nje ya dirisha lako. Unaijua Isiolo.

Usicheke. Kila mwezi Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya tahadhari kwa kaunti 23 za maeneo kame, Isiolo ikiwa mojawapo. Ndani yake mna bei ya mbuzi na bei ya mahindi, umbali ambao mifugo hutembea kwenda majini, hali ya lishe ya watoto wadogo, na fahirisi ya hali ya mimea inayopimwa kutoka angani na setilaiti. Fahirisi hiyo ikiwa kati ya 35 na 50, hali ni ya kawaida. Ikishuka chini ya 35 ukame wa kadiri umeingia; chini ya 20 ni mkali; chini ya 10 umekithiri. Na je, ni nani aliyechangia kuzichakata picha hizo za setilaiti kwa ajili ya NDMA? Chuo kikuu cha BOKU, kilichoko Vienna, nchini Austria. Malisho ya Merti na Garbatulla yamepimwa na watu walioketi kando ya mto Danube! Hiyo ndiyo kazi ya mbali yenyewe, ila imekuwa ikienda upande mmoja tu.

Sina ugomvi na mabwana wa Vienna. Kazi yao ni nzuri. Lakini setilaiti huona rangi ya kijani, haioni kama kijani hicho kinalika. Mathenge, mti ulioletwa nchini ili kuzuia jangwa kisha ukageuka kero, hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha. Picha ikaonyesha heri huku ng'ombe wanakonda. Mtoto wa mfugaji huligundua kosa hilo kwa kutazama ramani mara moja, kwa sababu anajua pale hapana malisho.

Mfano mwingine ni majina. Kuna Kulamawe mtaa wa mjini Isiolo, na kuna Kulamawe nyingine mbali, upande wa Garbatulla. Garbatulla yenyewe huandikwa kwa namna tatu au nne: neno moja, maneno mawili, herufi moja ya l au mbili. Kompyuta ya mgeni itaichukua Garbatulla moja ikaifanya miji mitatu, kisha ikazichukua Kulamawe mbili ikazifanya kijiji kimoja. Ripoti ikitoka hivyo, msaada wa chakula huenda penye hesabu, si penye njaa. Katika ukame wa misimu mitano mfululizo isiyo na mvua, kuanzia mwishoni mwa 2020, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kosa la jina la kijiji katika wakati kama huo si jambo dogo.

Iko pia bima ya mifugo. Taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake waliianzisha Marsabit mwaka 2010, nayo ikafika Isiolo mwaka 2013. Mwenye bima hahesabiwi mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa eneo, ukishuka kupita kiwango kilichowekwa hulipwa. Mmoja wa waliouongoza mradi huo, Mkenya Andrew Mude, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Kiwango kikiwekwa vibaya, familia iliyolipa ada hukosa fidia. Kwa hiyo bima hizi hazitaacha kuhitaji watu wa kukagua hesabu zake, hususan watu wanaoweza kwenda kumwuliza mzee wa Oldonyiro kama mwaka fulani ulikuwa mbaya kweli.

Naam, wateja ni hao: kampuni za bima, mashirika ya misaada, vyuo vikuu vya nje vinavyotafiti tabianchi, miradi ya hewa ya kaboni, hata serikali ya kaunti. Kazi zao za ushauri hutangazwa wazi, nyingi katika ReliefWeb, ukumbi wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 1996. Lakini utazisoma na kuvunjika moyo, maana tangazo linataka tajriba ya miaka kumi na ripoti tatu zilizokwisha kuandikwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaliacha tangazo na kwenda zao. Wewe usiombe kazi ile, mtafute atakayeipata. Mshauri mkuu wa Nairobi au London akishinda zabuni huwa na siku arobaini za kumaliza kazi ya siku tisini, na anahitaji mkono wa kumsafishia data, mtu anayejua kwamba Kulamawe ni mbili. Soma ripoti za zamani. Majina ya waliozifanya yameandikwa kwenye jalada. Waandikie hao, mmoja mmoja.

Barua yenyewe iwe fupi, isiwe ya kuomba huruma. Kwa mfano: "Nimesoma ripoti yako juu ya Isiolo. Katika jedwali la nne, vijiji viwili vyenye jina moja vimeunganishwa; nimevitenganisha na nimeambatisha matokeo. Ninaishi Isiolo, ninatumia R na QGIS, na ninazungumza Kiborana na Kiswahili. Ukiwa na kazi ya kusafisha data ya eneo hili, nina nafasi kuanzia mwezi ujao." Basi. Kati ya barua ishirini za namna hiyo huenda mbili zikajibiwa, na mbili zinatosha kuanzia. Ila jihadhari usimsahihishe mtu kwa majivuno, na hakikisha kwanza kwamba kosa ni kosa kweli.

Lakini utaambatisha nini kama hujawahi kufanya kazi? Fanya moja bila kutumwa. Data ya bure imejaa tele. Sensa ya 2019 ipo; iliihesabu Isiolo ikapata watu 268,002. Takwimu za mvua ziitwazo CHIRPS zinaanzia mwaka 1981, na picha za ukijani za setilaiti za MODIS zinaanzia 2000. Taarifa za NDMA ziko wazi kwa kila mtu. Chukua swali moja, mathalan: bei ya mbuzi hushuka miezi mingapi baada ya mvua kukosa? Lijibu kwa kurasa mbili na ramani moja. Kazi hiyo moja iliyokamilika ina uzito kuliko vyeti kumi vya mafunzo ya mtandaoni. R, Python na QGIS zote hazilipiwi. Ukitaka kupimana nguvu na wenzako wa Afrika, Zindi imekuwa ikiandaa mashindano ya data tangu 2018. Na usidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu: mikutano ya Data Science Africa ilianzia hapa jirani, Nyeri, mwaka 2015.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Usiweke katika sampuli yako majina, namba za simu au vipimo vya lishe vya watu uliowahoji ukiwa kibarua wa shirika fulani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza, na hata kama isingekataza, mama aliyekuruhusu upime mkono wa mwanawe hakukuruhusu umtangaze duniani.

Fedha sasa. Toza kwa kazi, si kwa saa, maana anayeanza hufanya polepole. Andikianeni, japo kwa barua pepe, kazi ni ipi, inaisha lini na marekebisho ni mara ngapi. Omba sehemu itangulie; mteja wa kweli hakatai. Malipo hupitia Payoneer, Wise au PayPal, kisha huingia benki au M-Pesa, na kila kituo hukata chake, basi piga hesabu kabla ya kutaja bei. Anayekutaka utoe ada ili akupe kazi, mkimbie. Anayekuuzia akaunti ya mtu mwingine, mkimbie vilevile. Ikigunduliwa hufungwa pamoja na fedha zilizomo. Na mapato ya nje ni mapato: hesabu zake huwasilishwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka.

Nimalizie na wazazi. Kazi hii ina saa zake. Vienna iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, hilo ni jepesi. Lakini mteja wa New York anapofika kazini saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni, na miezi ya baridi yao ni saa kumi na moja. Mazungumzo naye huangukia wakati wa kukama, kupika na swala ya magharibi. Kijana wa kiume husamehewa akajifungia. Binti huitwa jikoni, kisha akaambiwa hana bidii. Kama binti yako ndiye mwenye kazi hii, mpangieni saa mbili za jioni ambazo haitwi. Msimwache aende saiba usiku kutafuta mtandao. Nyumba mbili tatu za jamaa zikichangia, huduma ya nyumbani hupatikana, iwe ya nyaya, ya simu au ya Starlink iliyoingia nchini Julai 2023. Na betri iwe imejaa, maana stima yetu mnaijua.

Wazee wakikuuliza tena mwanao anafanya kazi gani, waambie anahesabu malisho. Hilo watalielewa upesi kuliko sisi.

Jumapili ijayo tutazame mkataba wa kibarua cha mtandaoni, kifungu kwa kifungu.