Udongo wa Kuku Upimwe Kwanza

Hapa Chang'ombe, Dodoma, kama ilivyo Unguja na Pemba, kuku wa nyama ni tegemeo la riziki la kaya nyingi. Kuku hao huuzwa wakiwa na umri wa wiki tano au sita, na faida yake ni ndogo. Kwa kuogopa hasara, baadhi ya wafugaji hutia viuavijasumu, yaani antibaiotiki, katika maji ya kuku hata pale pasipo na ugonjwa. Desturi hiyo haina budi ikomeshwe. Vijidudu vikizoea dawa bandani, vitamshinda daktari hospitalini.

Uswidi ilipiga marufuku kukuza mifugo kwa dawa hizo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo mwaka 2006. Miongoni mwa mbadala unaotajwa ni udongo uitwao bentonaiti, unaochanganywa katika chakula cha kuku. Udongo huo hunasa sumukuvu tumboni, ukatoka nayo pamoja na kinyesi.

Mkoa wetu unaijua sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku naye akilishwa mahindi yenye kuvu huharibika ini na hupungukiwa na kinga. Mfugaji akiona kundi limedhoofika, hukimbilia duka la dawa, ilhali kiuavijasumu hakiondoi sumu ya kuvu hata chembe. Hapo ndipo udongo ungeokoa kuku na fedha.

Hata hivyo, udongo si dawa. Hautibu mdondo wala gumboro. Chanjo, usafi wa banda na ukaushaji mzuri wa nafaka vinabaki palepale. Wala si kila udongo unafaa. Mwaka 1997 nchini Marekani, udongo uliotiwa katika chakula cha mifugo ulikutwa na sumu ya dayoksini, na sumu hiyo ikaingia katika kuku. Hata bentonaiti ina kipimo: Ulaya hairuhusu kuzidi gramu 20 katika kila kilo ya chakula.

Kwa hiyo, wenye dhamana ya mifugo Bara na Visiwani wasingoje wachuuzi wajaze magunia udongo wowote na kuuita dawa. Maabara za Serikali ziupime udongo wa nchi yetu, watafiti wa mifugo wa Mpwapwa waujaribu kwa kuku wetu, na kila gunia lionyeshe aina na kipimo. Kisha wafugaji wafundishwe kwa redio na mikutano, kama kampeni ya Mtu ni Afya ilivyofanya mwaka 1973.

Ndugu zetu wa Visiwani hununua nafaka na mashudu kutoka Bara. Kwa hiyo gunia linalotoka huku ni amana ya afya yao. Amana hiyo tuitunze.