Nani kawaambia walicheka?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina ya waandishi wa habari, mbele yangu chai iliyonyimwa sukari, nikimsikiliza mtoa mada akitufundisha kwamba sisi hatujui utani na wakubwa. "Tazameni Waingereza wa karne ya 18," akasema. "Wakubwa wao waliandikwa, wakachorwa, wakacheka." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikang'ata andazi kwa hasira.

Nani alicheka? Mwaka 1702 Daniel Defoe aliandika kijitabu akijifanya mshika dini mkali, anayetaka Wakristo walio nje ya Kanisa la Uingereza wafyekwe. Kejeli tupu. Wakubwa walipogundua kuwa wamechezewa shere, Julai 1703 wakamsimamisha hadharani jijini London siku tatu, shingo na mikono vimebanwa kwenye mbao. Nilipomkumbusha mtoa mada hayo, akanijibu eti watu walimrushia maua. Maua! Basi na sisi tupandiwe bustani nje ya mahabusu, tuhesabiwe wastaarabu.

Tena huyo alikuwa mwandishi. Ninayemlilia mimi ni mchapaji, ambaye semina hazimtaji kabisa. Mwaka 1719 John Matthews, kijana mdogo tu, alinyongwa Tyburn kwa kuchapa kijitabu cha kumtetea James Stuart aliyedai kiti cha ufalme. Mwaka 1724 Jonathan Swift, kwa jina bandia la muuza vitambaa, alizishambulia sarafu za shaba zilizokuwa ziletwe Ireland. Serikali ikaahidi pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima ilimjua, lakini aliyekamatwa ni mchapaji wake, John Harding. Swift akaendelea na ukuu wake wa kanisa la Mtakatifu Patrick. Na mwaka 1763, gazeti la North Briton lilipoikejeli hotuba ya Mfalme George III katika toleo namba 45, ilitolewa hati ya kukamata isiyo na majina, wakazolewa watu 49, wachapaji na vibarua wao wakiwamo. Hicho ndicho kicheko?

Ambaye hakukamatwa alitozwa. Kodi ya stempu ilipoingia mwaka 1712, bei ya Spectator ilipanda kutoka peni moja hadi mbili, na kabla mwaka haujaisha gazeti likafa.

  

Waandaaji, semina ijayo nawaomba mada moja tu: wachapaji. Anzeni na Harding. Alifariki mwaka 1725, miezi michache baada ya kukamatwa. Na sukari muweke.