Tangazo Na. 436: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KANUNI ZA MIRATHI ZA MWAKA 1963

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mkazi wa Kagera. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu, kugonga mihuri na kuita majina ya wadaawa. Kila ifikapo Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, nasikiliza redio, na watangazaji huuliza swali lilelile: je, bado mwanamke wa nchi hii anapigania usawa kila uchao? Wachangiaji hukimbilia Ikulu. Tangu Machi 2021 Rais ni mwanamke, majaji wanawake tunao, wakuu wa mikoa tunao, sasa mnataka nini tena? Baada ya hapo hufuata maandamano, vitenge vya sare na hotuba ya mgeni rasmi.

Mimi nitajibu kutoka dirishani kwa karani. Siasa siijui sana. Fomu nazijua.

Mwanamke wa kijijini aliyefiwa na mume huja mahakamani matanga yakishaanuliwa, akitaka kufungua mirathi. Anaambiwa alete cheti cha kifo, barua ya mtendaji wa kijiji, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Viwili vya kwanza hupatikana kwa nauli na subira. Kigingi ni muhtasari. Kikao cha ukoo huitishwa na mashemeji, hukaliwa na mashemeji, na huandikwa na shemeji mwenye mwandiko mzuri. Mjane akiwa ameshakwaruzana nao juu ya kibanja, yaani shamba linalozunguka nyumba, kikao hakiitishwi hata mwaka ukapita. Kikiitishwa, yeye yuko jikoni anawapikia wajumbe. Nimepokea mihtasari mingi ambayo jina la mjane halimo kabisa. Ameandikwa "mke wa marehemu", basi. Ng'ombe walikuwa wametajwa mmoja mmoja, kwa rangi zao.

Kinachoudhi ni kwamba sheria yenyewe haiudai muhtasari huo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaiachia mahakama ya mwanzo imteue mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi kuwa msimamizi, na mjane kama hana maslahi sijui nani anayo. Muhtasari ni mazoea tu. Hakimu mpya akiripoti kituoni anamkuta karani anaudai. Karani naye alimkuta hakimu wa zamani akiudai. Najua Mahakama ni mhimili unaojitegemea, na hili si lako kuliamuru. Nimelieleza ili ufahamu kwamba mjane huwa ameshachoka kabla hajalifikia lile ambalo ni lako.

Lililo lako ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililotangaza kanuni za mirathi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni hizo huwapanga warithi katika madaraja matatu. La kwanza lina mtu mmoja: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza. La pili ni la watoto wengine wa kiume. Mabinti wako la tatu, hata kama binti ndiye mkubwa wa wote na ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza, isipokuwa ukoo huo uwe hauna mwanamume hata mmoja. Ya 27 ndiyo inayomfikia mjane: mumewe akiacha ndugu wa ukoo, yeye hana sehemu katika mirathi. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Wapo wajane waliokuja dirishani kwangu na mtoto mgongoni. Huyo wa mgongoni ndiye, kwa mujibu wa Tangazo, aliyetakiwa kumtunza mama yake.

Tangazo haligusi kila mtu. Muislamu ana mirathi yake kwa sheria ya dini yake, ambamo mke na binti wana mafungu yanayojulikana. Makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama baadhi ya ndugu zetu wa Mtwara, Lindi na Morogoro, yana utaratibu mwingine. Lakini kwa Wahaya, Wasukuma na wengine wengi, hata aliyefunga ndoa kanisani hupimwa kwa namna alivyoishi: kama alilima kibanja cha ukoo na kuzikwa humo, mara nyingi kanuni za 1963 ndizo zitakazogawa alichoacha.

Sasa tazama ajabu hii, Mheshimiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ya wanandoa wanapoachana, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilihesabiwa kuwa fungu lake, lakini msingi alioujenga umewafaa wengi.) Kwa hiyo mke aliyegombana na mumewe wakaachana anaweza kudai sehemu ya nyumba. Aliyevumilia, akamlisha kwa kijiko siku za mwisho na kumfumba macho, huyo anaambiwa akatunzwe na watoto. Kwa hesabu hiyo, wakili mwenye roho ngumu angemshauri mke wa mgonjwa awahi kudai talaka.

Nikiyasema haya kwenye vikao vya kijiji, wazee hunijibu: hiyo ni mila yetu. Naiheshimu mila, nimezaliwa ndani yake. Ila Tangazo Na. 436 ni karatasi ya serikali. Lilitokana na mradi wa kuziunganisha sheria za kimila mara baada ya uhuru, na mradi huo uliegemea kazi ya Hans Cory, mtaalamu mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambaye alikwisha kuandika vitabu juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma. Waliohojiwa walikuwa zaidi machifu na wazee wanaume. Walichokisema mwaka ule kikapigwa chapa, na kilichopigwa chapa hakitembei tena. Mila yenyewe imeendelea kutembea. Wapo akina baba huku kwetu wanaomkatia binti kipande cha kibanja wakiwa hai, mbele ya majirani, au wanaousia mbele ya mashahidi. Wanajua wakifa bila kusema neno, litakalosema badala yao ni Tangazo.

Na tunaye Holaria Pastory, mwanamke wa Muleba, ambaye kesi yake husomwa vyuo vikuu hadi ng'ambo wakati wengi wa hapa kwetu hawalijui jina lake. Baba yake alimwachia kibanja cha ukoo kwa wosia halali. Uzee ukamfika, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akakiuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mwana wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya wilaya ikatengua, ikitumia haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anaweza kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kama anavyoweza mwanamume. Ndugu wa ukoo bado wanaweza kuikomboa, mradi wamrudishie mnunuzi fedha yake, sharti lilelile linalowahusu wanaume wanapouza. Nalisisitiza hili kwa faida ya wazee wangu: jaji hakuuvunja ukoo.

Ungedhani baada ya hukumu ile kazi iliyobaki ni ya kalamu tu, kufuta kanuni ambayo imekwisha kukataliwa. Kanuni ya 20 haikufutwa. Mwaka 2005 wajane wawili kutoka Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu za waume zao katika nyumba walizokuwa wakiishi, wakaenda Mahakama Kuu kuyapinga masharti ya Tangazo. Mwaka uliofuata Mahakama ikakubali kwamba yanabagua, ila ikasita kuyabatilisha. Ilihofia kwamba ikigusa mila moja, mila zote za nchi zingeletwa mlangoni. Ikaelekeza mabadiliko yapitie halmashauri za wilaya. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu. Mimi niliyekaa dirishani najua tarehe za namna hiyo huandikwa na nani, na si mjane.

Wakaenda mbali zaidi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1985, ikasema Tanzania ilivunja haki zao, walipwe fidia, na kanuni hizo zifutwe au zirekebishwe. Nyumbani napo Tume ya Kurekebisha Sheria ilikuwa imekwisha kuitazama sheria ya mirathi tangu miaka ya 1990. Uchunguzi basi tunao wa kutosha. Tafadhali usiunde kamati nyingine.

Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 kinasema kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili. Bunge limetamka hivyo, Katiba kwenye ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na bado Tangazo, lililo chini ya vyote viwili, liko kwenye kabati za mahakama likinukuliwa. Mwanasheria wa mjini ataona hapo jibu rahisi: kanuni imekwisha kufa. Mjane wa kijijini hana huyo mwanasheria. Anaye shemeji, na shemeji anaijua kanuni ya 27 bila kuwa ameisoma.

Nimeulizwa kwa nini naliita jambo hili la kila uchao, wakati kifo huja mara moja. Ni kwa sababu kibanja kisicho chake humfuata mwanamke asubuhi hadi jioni, mume angali hai. Chama cha msingi cha ushirika kina jina la mume, kwa hiyo malipo ya kahawa aliyochuma yeye hayapitii mkononi mwake. Mkopo wa benki unadai dhamana, na hati haina jina lake. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo asilimia 4 yake ni ya vikundi vya wanawake; ni msaada wa kweli, lakini anaukopa ili apalilie ardhi anayoweza kufukuzwa juma la msiba. Hata ugomvi wa ndani humkuta akipima maneno, maana akiondoka anaondoka na sanduku.

Ninachokuomba ni kazi ya ofisi. Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania, kifungu cha 12, imeweka utaratibu wa kurekebisha tangazo la sheria za kimila: halmashauri ya wilaya inapendekeza, waziri anatoa amri. Ziandikie halmashauri, uzipe tarehe ya mwisho. Zikikaa kimya, nenda bungeni na muswada wa sheria moja ya mirathi ambamo mjane na binti wanatajwa kama warithi. Na tarehe hiyo isije ikafutwa na rufaa. Mwaka 2016, katika shauri la umri wa kuolewa, Mahakama Kuu iliipa serikali mwaka mmoja kurekebisha Sheria ya Ndoa. Serikali ikautumia mwaka huo kwenye rufaa, na rufaa hiyo ikashindwa mwaka 2019.

Naomba pia wasaidizi wa kisheria wanaopita vijijini kwenye kampeni yenye jina la Mama Samia waelezwe jambo moja la kuwaambia wajane wazi: nenda ukafungue mirathi mwenyewe, hata kikao cha ukoo kisipokaa.

Nategemea jibu kwa maandishi, likitaja kumbukumbu namba ya barua utakayokuwa umeziandikia halmashauri. Mhuri usisahaulike, na tarehe iwepo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu, Kagera

Nakala: Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Mwenyekiti, Tume ya Kurekebisha Sheria
Wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa wa Kagera