Karatasi ya Ijumaa isomeke nyumbani

Ijumaa jioni, mtoto wa shule ndogo ya Kikristo anarudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari: siku ya mtihani, kikao cha wazazi, zamu ya kwaya Jumapili. Mama, aliyetoka kupalilia mahindi, anaipokea, anaigeuza, kisha anamrudishia. Imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yamepokea wakimbizi tangu 1958. Kuanzia hapo hadi Kaberebere na Mbarara utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mwenzake Mganda. Haki hiyo hupungua nguvu mzazi asipojua shuleni kuna nini.

Tunaziomba shule zitafsiri matangazo ya kila wiki, angalau kwa Kiswahili, na wachungaji wayasome kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Mzazi aliyeambiwa mapema hujipanga: hutafuta ada, hufika kikaoni, humwachia mtoto muda wa kusoma. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tusimfungie mzazi mlango wa kulea.