Kinyonga Mwenye Mayai Ana Kosa Gani?



Vijana wangu hapa Sengerema walimfungia kinyonga kwenye boksi. Tumbo limejaa, hataki nzi, anaparuza chini usiku na mchana. Mmoja akasema auawe, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha mjusi auawe. Hapana. Hadithi ile inamtaja wazagh, yaani mjusi kafiri. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa, kiumbe kingine kabisa.

Yule alikuwa na mayai. Kinyonga wa kwetu huteremka mtini, huchimba shimo kwenye udongo wenye unyevu, hutaga, kisha hufukia. Ndani ya boksi hana pa kuchimba, na mayai yakimkwama hufa. Basi dawa ya kwanza ni kumrudisha kwenye kichaka alikotolewa. Akiwa amelegea na macho yamezama, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo si wa ng'ombe peke yao.

Tumefundishwa kuwa mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa aliingia motoni. Je, boksi letu lina tofauti gani? Tuwahurumie viumbe, nasi tutahurumiwa.

Wabillahi tawfiq.