Rosa Hakuuawa na Mapenzi

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 mahakama ikikubali. Mwaka huohuo ikatoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, inayomfuata binti wa Ukerewe tangu barua yake ya kwanza ya mapenzi hadi kaburini. Ruhusa ile ya kisheria haikutikiswa mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga katika Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Kilichopigwa marufuku shuleni ni riwaya.

Nchi ilikubali binti wa miaka 15 awe mke wa mtu, ikakataa asome hadithi ya binti aliyeandikiwa barua. Imani iliyozaa uamuzi huo ingali hai, na ina wafuasi wa kila dini: kijana akisoma mapenzi, atayatenda.

Imani hiyo inafaa kupimiwa Tosamaganga. Katika kilima hicho cha misheni nje kidogo ya mji wa Iringa, Wabenediktini walianza kazi mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye Wakonsolata wa Torino wakaiendeleza. Kanisa, shule ya sekondari na hospitali ni majirani, wala mtu hahitaji bodaboda kutoka darasani hadi wodini. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23, maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 4.4 nchi nzima. Iringa yalikuwa 11.1, Mbeya 9.6 na Njombe 12.7. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 nao ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamezaa, wana mimba, au waliwahi kuipata. Rafu za maktaba za shule zetu hazina riwaya za mapenzi ya vijana za kutosha kusababisha hata mimba moja.

Turudi kwa Rosa, maana wengi wanaomlaani hawajamsoma. Baba yake, Zakaria, anampiga vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anajifunza somo moja tu, kwamba mwanamume ni hatari na mapenzi ni fimbo. Akishatoka nyumbani, mbali na fimbo ya baba, hana hata neno moja la kumsaidia kuamua nani amkubalie, nani amkatalie. Anaporomoka, na mwishowe anajiua. Kezilahabi aliwaandikia wazazi shtaka, na waliosoma shtaka hilo wakamfungia shahidi. Baadaye riwaya ilirudi darasani ikawa kitabu cha kidato cha tano na sita, tena bila yeyote kueleza hatari yake ilikuwa imekwenda wapi.

Hata hivyo shule zetu hazikatai kila hadithi ya mapenzi ya vijana. Kuna aina moja zinayoipenda sana. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamesoma Kilio Chetu, tamthilia ya Medical Aid Foundation ambamo wazazi wanabishana kama watoto waelezwe habari za kujamiiana au la, na wakati wanabishana Anna anapata mimba na virusi. Wamesoma pia Orodha ya Steve Reynolds, ambamo binti aitwaye Furaha anakufa kwa Ukimwi, na kijiji kizima kinaingiwa hofu juu ya majina kinayodhani aliyaandika. Hizi si kazi mbaya. Kilio Chetu hasa iko upande wa wanaotaka watoto waelezwe. Lakini ziweke pamoja na Rosa uone zinavyofanana: msichana anayependa hufikishwa kaburini au mlangoni pake. Mapenzi yameruhusiwa kuingia darasani kwa sharti kwamba yavae sanda.

Sababu yake inaeleweka, na haifai kuchekwa. Tamthilia hizi zilitungwa kwa ajili ya kizazi kilichokuwa kinazika. Mtu wa Makete au Njombe aliyekuwa na akili zake miaka ya tisini hahitaji kuelezwa kwa nini mwandishi wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kuchezea ucheshi wa barua za mapenzi. Tena msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hatarudi, na ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021 tu. Kwa mzazi mwenye binti kidato cha pili, hofu ilikuwa hesabu ya kawaida.

Hesabu hiyo imebadilika, vitabu havijabadilika. Dawa za kufubaza virusi zimewafanya watoto waliozaliwa na maambukizi wakue, wakaingia sekondari, wakaanza kupendana kama wenzao. Katika mkoa kama Iringa, kijana anayekwenda kliniki ya tiba na matunzo (CTC) kuchukua dawa anaweza kuwa ndiye anayekaa dawati la mbele. Atamwambia lini yule anayempenda? Akimwambia, na mwenzake akavujisha siri bwenini, atafanyaje? Hilo ni jambo la kuandikiwa riwaya nzima, yenye wivu, kicheko na aibu. Badala yake anapewa Orodha, anasoma kwamba mtu kama yeye hufa kabla pazia halijafungwa, kisha anaulizwa maswali ya dhamira kwenye mtihani.

Marekani waliwahi kukwama hapohapo. Mwandishi Judy Blume alisimulia kwamba binti yake alimwomba hadithi ambamo vijana wawili wazuri wanafika mbali katika mapenzi na hakuna anayelazimika kufa. Akaandika Forever, iliyotoka mwaka 1975. Vijana wanapendana, wanafikiria kinga, wanaachana, maisha yanaendelea. Kitabu kiliandamwa na wazazi kwa miongo kadhaa. Lakini ombi la yule binti lilikuwa la mtu mwenye akili timamu.

Hapo atasimama mtu aseme: hayo ni ya Wazungu, si mila zetu. Mila zipi? Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa miaka ya thelathini, wakakuta wavulana wa takriban miaka kumi wanahama nyumba za baba zao usiku na kulala na wa rika lao katika vijiji vyao wenyewe, ili watoto na wazazi wasikutane katika mambo ya faragha. Wasichana walikuwa na taratibu zao za kuvunja ungo na ndoa. Pwani kulikuwa na unyago, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alishangiliwa dunia nzima kwa nyimbo zake na ngoma hiyohiyo ya kuwafunda wari. Wazee hawakunyamaza. Walichagua nani aseme, amwambie nani, na wakati gani. Kunyamaza kabisa ndiko kugeni.

Februari 2023 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kukiuka maadili. Vingi vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vituko vya mvulana wa Kimarekani aitwaye Greg. Tosamaganga ni watoto wangapi waliowahi kumshika Greg mkononi? Wanachoshika ni simu. Humo zimo simulizi za WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, zinazofuata kwa kutuma hela, zilizosheheni mapenzi ya kila namna. Hazina mhariri, na hakuna mwalimu atakayeuliza kwa nini msichana wa humo hakusema hapana, au kwa nini mvulana hakuuliza. Jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999, limekuwa likiingia sekondari na hadithi za vijana na majibu ya maswali yao bila aibu. Lakini jarida moja haliwezi kubeba kazi ya fasihi nzima.

Na fasihi hiyo haiandikwi kwa sababu soko lake ni shule. Mchapishaji huishi kwa vitabu vinavyopata ithibati, kwa hiyo mwandishi huiandikia kamati kabla ya kumwandikia msomaji. Miezi miwili baada ya marufuku ya 2023, serikali ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilianza na riwaya na ushairi, ikaja kuongeza hadithi za watoto. Kundi la vijana, lenye majaji wanaoruhusiwa kumpa ushindi msichana wa kidato cha tatu aliyependa, akakosea, na akafika ukurasa wa mwisho akiwa hai, linaweza kuongezwa kwa tangazo moja tu.