Usilistaafishe Goti

Mtu akianza kuchechemea mtaani, washauri hawakosekani. Jirani humwambia mafuta ya goti yamekwisha. Shemeji humletea bamia. Kwenye duka la dawa hufungiwa vidonge vya maumivu bila kuulizwa kama ana presha, na mwanawe aliye mbali hupiga simu kumsihi: "Mama, pumzika kabisa, kazi watafanya wengine." Wote wanamtakia mema. Lakini mengi wanayomwambia si kweli, na ushauri wa kupumzika ndio unaowaweka wengi kitini miaka mingi kabla ya wakati wao. Nataka kuyajibu madai hayo, na yale yenye madhara zaidi nitayakalia kwa muda mrefu.

Hasa nazungumzia magoti kusagika, maumivu ya goti yanayowapata watu wazima wengi kuliko mengine. Gegedu, ile tabaka telezi inayofunika ncha za mifupa, hupungua na kukwaruzika, mfupa huota vinundu pembeni, na utando wa ndani wa kiungo huvimba kila baada ya muda.

"Mafuta ya goti yameisha." Ndilo dai maarufu kuliko yote, na ndilo linalouza bidhaa nyingi. Ni kweli ndani ya goti mna ute unaolainisha kiungo. Ute huo hutengenezwa na utando unaolizunguka goti, kila siku, hata kwa mzee wa miaka 90. Goti lililosagika likivimba, kwa kawaida huwa na ute mwingi kupita kiasi, na daktari anapolifyonza huweza kutoa majimaji ya kujaza bomba zima la sindano. Mgonjwa aliyeambiwa goti lake limekauka huyaona maji hayo kwa macho yake.

Bamia basi inakwenda kuongeza nini? Ni mboga nzuri, iliwe. Ila utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazoishia kwenye utumbo, na hakuna njia ya kuutoa huko hadi gotini. Supu ya makongoro nayo ina protini ambayo tumbo huivunjavunja kama linavyovunja maharage au samaki. Mwili hauna habari kwamba imetoka kwenye mguu wa ng'ombe. Hata vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa ghali kwa jina la kujenga gegedu, vilipimwa nchini Marekani kwa wagonjwa 1,583 na matokeo yakatolewa mwaka 2006: kwa jumla havikupunguza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa ndani. Fedha inayoishia huko kila mwezi ingelipa nauli ya kwenda kliniki.

Ukweli kuhusu ute ni mzuri zaidi kuliko hadithi ya bamia. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute huohuo, na hukipata pale inapobanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sifongo ndani ya beseni la maji. Kila hatua unayopiga ni mlo wa gegedu. Mtu anayelinyima goti lake mwendo analinyima chakula.

"Goti bovu lipumzishwe." Siku mbili tatu, goti likiwa limewaka na kuvimba, sawa. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, punguza mizunguko. Baada ya hapo mapumziko yanageuka kuwa ugonjwa wa pili. Msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaopokea uzito wa mwili kabla haujatua kwenye kiungo, hunywea upesi usipotumika. Ukinywea, goti hubeba mzigo peke yake na kuuma zaidi. Likiuma zaidi mtu huzidi kukaa, na akizidi kukaa uzito hupanda. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 kuhusu wazee wanene wenye magoti yaliyosagika ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa kama kilo nne juu ya goti katika kila hatua. Fikiria hatua ngapi mtu hupiga kwenda sokoni na kurudi.

Kwa hiyo jibu ni mazoezi, na sina maana ya kuruka kamba. Anza na kiti imara kilichoegemezwa ukutani: keti, simama, keti tena polepole bila kujitupa, mara nane hadi kumi na mbili. Kiti kikiwa kifupi mno, weka mto juu yake. Kisha, ukiwa umeketi, nyoosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke, hesabu hadi tano, shusha. Lala ubavu uinue mguu wa juu, maana misuli ya nyonga ndiyo inayozuia goti lisianguke kwa ndani unapotembea. Panda na kushuka ngazi moja ya mlangoni ukishika fremu. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine tembea. Usitarajie nafuu wiki ya kwanza, kwa kuwa msuli huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kupata nguvu ya maana. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema mazoezi yamewashinda, na hapo ndipo naumia moyo, kwa sababu walikuwa karibu kuona faida.

Nchini Denmark tangu mwaka 2013 kuna mpango uitwao GLA:D, ulioanzishwa na watafiti Ewa Roos na Søren Skou. Wagonjwa wa magoti na nyonga hufundishwa kwanza kuhusu ugonjwa wao, kisha hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita chini ya uangalizi. Kwa wastani maumivu yao hupungua kwa takriban robo, na wengi hupunguza vidonge. Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine za bei kubwa. Sebule ya Tandale au Kisumu inatosha.

"Mazoezi yakiuma, ujue unalimaliza goti." Hofu hii inaeleweka, na inastahili jibu la upole. Goti lililolala muda mrefu litalalamika likiamshwa. Wataalamu hutumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni maumivu yasiyovumilika. Katika mpango ule wa Denmark, maumivu yasiyozidi 5 wakati wa mazoezi hukubaliwa, mradi kesho yake goti limerudi lilipokuwa. Ukiamka limevimba na linauma kuliko jana, umezidisha: punguza idadi au kina cha kukunja, usiache. Milio ya kukwaruza isiyo na maumivu si dalili ya kuharibika.

Hapa kuna jambo la maisha yetu ya kila siku. Choo cha kuchuchumaa, kigoda kifupi cha jikoni, kufua kwenye beseni lililo chini: vyote hulikunja goti hadi mwisho, na huko ndiko linakobanwa zaidi. Kuviacha kwa muda hakumfanyi mtu kuwa dhaifu. Inua beseni juu ya meza, tafuta kiti cha chooni kinachouzwa kwa ajili ya wagonjwa au fundi akutengenezee cha mbao. Wapo wazee wa Kiislamu wanaolazimisha kusujudu kwa machozi, ilhali dini imemruhusu asiyeweza asali akiwa ameketi. Fimbo nayo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya.

"Nimepigwa picha, limesagika, basi tena." Picha huonyesha mifupa, maumivu haiyaonyeshi. Huko Framingham, Massachusetts, watafiti waliwapiga picha za MRI watu 991 wa miaka 50 hadi 90, waliochaguliwa mtaani na si kliniki, na wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kati ya waliokutwa na mchaniko kwenye meniski, ile mito miwili ya gegedu iliyo katikati ya goti, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu yoyote gotini mwezi uliotangulia. Wapo wenye picha ya kutisha wanaolima, na wapo wenye picha safi wanaoshindwa kupanda daladala. Daktari mzuri hutibu mtu aliye mbele yake: hukuuliza unashindwa kufanya nini, hulikunja goti, hupima nguvu ya paja, hukutazama ukitembea. Akitazama picha peke yake na kutamka kwamba umekwisha, tafuta maoni ya pili.

Kwamba kukimbia huharibu magoti nitalijibu kwa kifupi. Mwaka 2017 tafiti nyingi zilikusanywa pamoja, na waliokutwa na kusagika kwa goti au nyonga walikuwa asilimia 3.5 kati ya wakimbiaji wa kawaida, 10.2 kati ya wasiokimbia, na 13.3 kati ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu za namna hiyo hazithibitishi kwamba kukimbia kunalinda, maana mwenye goti zima ndiye anayeendelea kukimbia. Lakini zinatosha kuondoa tuhuma juu ya kukimbia kwa kawaida. Kama goti lako tayari linauma, kutembea kwa kasi na baiskeli ni mwanzo bora.

"Nichome sindano moja tu, yaishe." Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kweli, kwa wiki kadhaa. Shida ni kuigeuza desturi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa 140 waligawanywa: nusu walichomwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Mwishoni waliochomwa steroidi walikuwa wamepoteza gegedu nyingi zaidi, na maumivu hayakuwa na tofauti. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine, wa watu 156 katika hospitali za jeshi la Marekani, ulilinganisha sindano hiyo na tiba ya mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, kundi la mazoezi lilikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi. Sindano ina nafasi yake, kwa mfano kumtuliza mtu ili aweze kuanza mazoezi. Achomwe na anayejua, kwa usafi kamili, kwa sababu vijidudu vikiingizwa ndani ya kiungo ni balaa.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinasaidia kwa siku chache. Kuvimeza miezi mfululizo kunachimba vidonda vya tumbo, kunapandisha presha na kuumiza figo, na wenye magoti mabovu ndio haohao wazee wenye presha na kisukari. Dawa ya kupaka ya aina hiyohiyo huingia kidogo sana kwenye damu, iulizie kwanza. Na mtu akikuuzia unga wa miti shamba unaomaliza maumivu yote ndani ya siku moja, ogopa. Mitishamba ya namna hiyo imewahi kukutwa imechanganywa kwa siri na steroidi.

Juu ya upasuaji kuna madai mawili yanayopingana, na yote yana kasoro. Wapo wanaoamini goti lisafishwe kwa kamera, uchafu utolewe. Daktari J. Bruce Moseley wa Houston alilipima hilo kwa wagonjwa 180: wengine walisafishwa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila kujua. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Katika miaka miwili ya kuwafuatilia, waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko walioshonwa ngozi. Kwa goti lililosagika, okoa fedha yako.

Upande wa pili wapo wanaosema ukibadilishwa goti hutatembea tena. Hao wanawatisha watu ambao wangepona. Kumbukumbu za Australia na Finland zilizochapishwa mwaka 2019 zinaonyesha magoti ya bandia kama asilimia 82 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Upasuaji huo unafanyika hapa Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Unamfaa aliyefanya mazoezi kwa bidii kwa miezi na bado halali usiku kwa maumivu. Nao una hatari zake, za maambukizi na damu kuganda, kwa hiyo hauwi hatua ya kwanza. Kijana aliyekatika kano la mbele la goti uwanjani naye asikimbilie kisu: nchini Sweden, kati ya vijana 59 walioanza na mazoezi, zaidi ya nusu hawakuhitaji upasuaji katika miaka miwili ya kwanza.

Dai la hatari kuliko yote ni "huo ni uzee tu, vumilia." Hili nalijibu kwa ukali, maana linachelewesha watu wasiopaswa kusubiri hata siku moja. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani, na usaha hula gegedu kwa siku chache. Hospitali siku hiyohiyo, asichue mtu. Vivyo hivyo goti lililojifunga na kukataa kunyooka, mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka na bodaboda, kigimbi cha mguu kilichovimba upande mmoja, na mtoto yeyote anayechechemea bila sababu. Goti la gauti na la baridi yabisi pia yana dawa zake mahususi, na hayatambuliki kwa kubahatisha.

Mwisho kuna wanaosema fiziotherapia ni kuchuliwa tu, au ni ya waliopooza. Kuchuliwa kunaliwaza, lakini hakujengi paja. Mtaalamu wa mazoezi tiba amesoma miaka, na Chuo cha KCMC Moshi na vyuo vya KMTC nchini Kenya vimewafundisha wengi walioko katika hospitali za mikoa na kaunti. Ukienda kwake, mwambie kazi unazofanya, choo unachotumia, na ngazi ulizonazo nyumbani. Omba akufundishe mazoezi matatu au manne, uyafanye mbele yake akusahihishe, akuandikie idadi, na akupe tarehe ya kurudi ili ayaongeze uzito. Ukitoka umelazwa kwenye kitanda cha umeme na kupakwa mafuta peke yake, rudi uombe mazoezi.